Marahaba Kabla ya Shikamoo

Siku ya tatu bila bipu, Kassimu aliamka kabla ya adhana, akakaa kitandani akiikodolea simu macho kama mtu aliyekosewa. Simu ilikuwa juu ya kiti cha plastiki, chaji imejaa, vijiti vya mtandao vimesimama vyote vinne. Kimya. Ikafika saa kumi na moja na nusu, ikafika saa kumi na mbili kasorobo, jogoo wa mwenye nyumba akawika mpaka akachoka, baridi ya Lushoto ikapenya chini ya mlango, na ile simu haikutikisika hata kidogo.

"Leo naye kalala," alijisemea. Alijua anajidanganya. Mama yake hakuwa mtu wa kulala.

Bi Mwanamisi aliishi Kwemhina, kijiji kilicho juu ya Mlalo, peke yake na ng'ombe wawili na goti lililomsumbua kila masika. Kila alfajiri akishaswali alichukua kitochi chake, kisimu cha vitufe chenye tochi, kutoka kwenye kikombe cha bati kilichotundikwa kwenye mwimo wa mlango, maana hapo tu ndipo mtandao ulipokuwa hautoroki. Alibonyeza namba ya mwanawe, akaiacha iite mara moja, akakata. Huku chini Kassimu naye alibonyeza, ikaita mara moja, akakata. Basi. Hakuna neno lililosemwa, na kila mmoja alianza siku yake akijua mwenzake yu mzima.

Bipu hizo mbili zilikuwa na maana yake. Ya Kassimu ilikuwa shikamoo, ya mama ilikuwa marahaba. Kwa haki mtoto ndiye anayeanza, na kule kwao mtoto akimpita mkubwa bila shikamoo, habari zake huzungumzwa mpaka Ijumaa. Mwanzoni Kassimu alianza kweli. Lakini Kassimu na usingizi walikuwa damu damu. Miezi yake ya kwanza mjini shikamoo yake ilipanda mlimani saa mbili, mara saa tatu, wakati mama keshakata majani, keshakamua, keshakaa kizingitini roho juu. Mwishowe akachoka kusubiri. "Mimi natanguliza marahaba yangu," alimwambia, "wewe utaleta shikamoo ukiamka." Ikawa hivyo kwa miaka saba, marahaba mbele, shikamoo nyuma. Kila aliyesimuliwa alicheka, lakini wao hawakukosa hata siku moja, isipokuwa sikukuu za Idi, Kassimu akiwa nyumbani.

Na sasa siku tatu.

Jumamosi hakushtuka. Alikuwa na jibu tayari, kama alivyokuwa na jibu tayari kwa kila jambo linalohusu simu. Kassimu alikuwa fundi simu, mwenye fremu ya duka karibu na stendi, na wakala wa kampuni ya simu yenye rangi ya kijani. Wapo mafundi wanaotengeneza simu wakamaliza wakaenda zao nyumbani. Huyu alikuwa muumini. Ukimletea kioo kilichopasuka utaondoka na kioo kipya pamoja na mawaidha ya nusu saa kuhusu mtandao wa kizazi cha nne, kizazi cha tano, na jinsi babu yako alivyowahi mno kuzaliwa.

Ng'ambo ya barabara, fremu ikitazamana na yake, alikuwepo Khalfani, fundi aliyemzidi umri kwa miaka kumi na tano, wakala wa kampuni ya zambarau. Ugomvi wao ulikuwa na miaka miwili. Kampuni ya zambarau ilishikilia kwamba sauti ipite njia yake ya zamani na intaneti ipite njia yake mpya, na mnara ubebe zote mbili. Kampuni ya kijani ilisema huo ni uzembe, kila kitu kipite njia moja mpya, sauti nayo ikatwekatwe iwe intaneti, na mitambo ya zamani ing'olewe. Kila kampuni iliapa kwamba dunia inaelekea upande wake.

"Mayai na viazi huwezi kuvitia gunia moja," Khalfani alikuwa akisema kutoka kwake, bila kuinua macho kwenye kazi.

"Dunia nzima iko gunia moja, kaka. Wewe peke yako ndiye unabeba mawili."

Wateja walisahau walichokifuata. Kulikuwa na wengine walioleta simu nzima ili tu wasikilize.

Miezi miwili iliyopita ugomvi ulivuka mpaka. Kwemhina kulikuwa na kilima kimoja na juu yake mnara mmoja mdogo wa siku nyingi, na kampuni zote mbili zilikitaka kilima hicho. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Kila kampuni ikaleta bwana wake mwenye kofia ngumu na picha zake za rangi. Wanakijiji wakasikiliza wote wawili, wasielewe hata mmoja, mwenyekiti akasema hapana, hapa tunaye mtoto wetu mtaalamu, hebu atwambie yeye. Kassimu akasimama. Ole wake aliyempa nafasi ya kusimama. Alimwaga maneno mpaka mabwana wa kofia wakaacha kuandika. Katikati ya raha yake, mzee Rashidi, jirani wa mama yake, akanyoosha kidole.

"Na hivi vitochi vyetu? Mtambo wa zamani ukizimwa vitashika wapi?"

"Vitochi, mzee wangu, tutavipeleka makumbusho," Kassimu alijibu. Watu wakaangua kicheko. Alipoona wamecheka akaongeza, "Mama yangu mwenyewe, mbele yenu, nitamletea simu janja kabla mtambo haujazimwa."

Wakapiga kura kwa mikono. Kampuni ya kijani ikashinda kwa mbali. Kassimu aliuona mkono wa mama yake upande wa wanawake, miongoni mwa mikono ya kwanza kabisa kupanda, na moyo ukamvimba. Tangu siku hiyo Khalfani hakumsemesha, na yeye hakumsemesha Khalfani.

Simu janja ya mama aliinunua kweli. Ilikuwa kwenye droo ya meza yake ya kazi, ndani ya kasha lake, kwa wiki tatu sasa. Kila Ijumaa alisema kesho napanda. Kila Jumamosi likazuka jambo, na mara nyingi jambo lenyewe lilikuwa mabishano kwenye kundi la mafundi la Wasapu, ambako kulikuwa na watu wa Tanga na Korogwe waliohitaji kuelimishwa haraka.

Kwa hiyo Jumamosi bipu ilipokosekana aliwaza, wameshazima, wamezima mapema. Jumapili akajaribu kupiga. Simu ikakatika yenyewe kabla ya kuita. Akaamini zaidi. Kilichomshika siku hiyo kilikuwa aibu. Alimwona mama yake amesimama kwenye mwimo wa mlango na kitochi kilichokufa mkononi, akikigeuza huku na huku, na aliyekiua ni mdomo wa mwanawe. Angeweza kumuuliza mzee Rashidi, ambaye wanawe walimletea simu janja mwaka jana na alikuwa na Wasapu yake. Tena Jumapili hiyohiyo jioni ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Rashidi, sekunde tisa. Kassimu aliliona jina, kidole kikarudi nyuma.

"Huyu ananicheka tu," alisema. Akauacha pale, ujumbe ukazama chini ya mabishano ya Tanga na Korogwe.

Jumatatu aibu iligeuka hofu. Aliketi fremuni kwake asiweze kutulia. Alifungua droo, akaliona kasha, akafunga. Akafungua tena. Alikuwa akiifunga simu ya mwalimu Yusta, mwalimu wa sekondari aliyependa kuona kazi yake inavyofanywa, na alipomaliza zilibaki skrubu mbili mezani.

"Na hizi?" mwalimu aliuliza.

"Za akiba."

"Simu nayo ina akiba, Kassimu?"

"Mwalimu, hebu niazime nipige mara moja." Akabonyeza namba ya mama kwa simu ile ya Yusta yenye laini ya kampuni nyingine. Akasikia sauti ya yule mwanamke asiyezeeka: namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Haikumsaidia kitu. Mtambo ukizimwa mtu hapatikani, na mtu akianguka bondeni na mzigo wa majani mgongoni, na simu mfukoni ikapasuka, hapatikani vilevile. Kimya cha mtambo na kimya cha mtu vilifanana, na hilo ndilo lililomfanya asimame, akae, asimame tena. Akaanza kuhesabu: goti, presha, mteremko wa nyuma ya zizi ambao mvua ikinyesha huwa sabuni tupu. Akalitia kasha kwenye begi, akashusha mlango. Ng'ambo ya barabara Khalfani aliacha kazi akamtazama, mdomo ukamfunguka kama anayetaka kuuliza. Kassimu akageuza uso.

Dereva wa bodaboda aliitwa Alen, kijana wa makamo asiyependa kukimbizwa. Kassimu alimkimbiza. Magamba waliikuta imezama kwenye ukungu, miti ya msitu inadondosha maji shingoni, na Kassimu nyuma alikuwa akichomoa simu kila kona. Vijiti vinne. Kila kilima walichokipanda, vijiti vinne. Siku nyingine angempigia Alen hotuba kuhusu jambo hilo. Leo vile vijiti vilimuudhi, vilikuwa vimejaa na havileti kitu.

"Kaza kidogo, bwana."

"Nikaze niende wapi, huoni tope? Unawahi msiba?"

Alen mwenyewe akaelewa kwamba ameuliza vibaya, akakaza. Kwenye kona moja wakakutana na gari la abiria linaloshuka, viroba vya karoti vimepangwa juu yake, limeshika barabara yote. Alen akaingia karibu na mtaro. Gari likapita likawamwagia tope mpaka kiunoni. Kassimu alilitukana gari hilo na dereva wake na karoti zake, wakaendelea.

Kwemhina walifika jua limeshatoka kwenye ukungu. Alishuka kabla pikipiki haijasimama. Mlango wa mama ulikuwa na kufuli. Kikombe cha bati kwenye mwimo kilikuwa kitupu. Akazunguka nyumba mbio, akaita, akateremka ule mteremko wa nyuma ya zizi huku miguu ikimponyoka, akatazama kila shimo. Ng'ombe walikuwa wamewekewa majani ya siku mbili na ndoo zimejazwa maji. Mtu aliyeanguka ghafla hapangi majani ya siku mbili. Akapanda tena akihema, asijue ashukuru au alie.

Mzee Rashidi alikuwa amesimama uani, mikono nyuma.

"Yuko wapi mama?"

"Shikamoo yako umeisahau mjini?"

"Shikamoo, mzee Rashidi. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Kaenda kwako."

"Kwangu?"

"Kapanda gari la asubuhi. Kasema anakwenda kukutazama kama u hai. Mimi nikamwambia mtoto yuko kazini tu, hakunisikiliza. Tangu Jumamosi hakula chakula cha maana."

Kassimu alikaa kwenye kizingiti. "Lakini mtambo si wamezima?"

"Nani kazima?" Rashidi akatoa kitochi chake mfukoni, maana simu janja ya wanawe aliiweka kwa ajili ya picha na Wasapu, mazungumzo yake yalikuwa kwenye kitochi. Akabonyeza, na ndani ya nyumba yake kitochi cha mkewe kikaita kwa kelele. "Watazima tarehe thelathini. Mama yako kakubipu Jumamosi, jana, leo. Kila akipiga yule mwanamke anamwambia hupatikani. Jana jioni akaja kwangu, nikampa simu ya Wasapu aseme mwenyewe. Hukusikia?"

Basi hapo ndipo Kassimu alipoitazama simu yake kwa jicho la fundi. Ikamjia Ijumaa jioni. Mwalimu Yusta alikuja kuulizia kama mtandao mpya una kasi kweli, na Kassimu, apate kumkata kauli, aliingia kwenye ile menyu iliyofichwa ambayo mafundi huifungua kwa nyota na reli, akaifunga simu yake mwenyewe ishike mtandao mpya peke yake, isiguse wa zamani hata kwa bahati mbaya. Video ilishuka kama maji. Mwalimu alishangaa. Kassimu alifurahi mno, akasahau kuirudisha.

Na simu yake ilikuwa ya bei ya chini, moja ya zile ambazo kampuni ya kijani haijazikubali kupitisha sauti kwenye njia mpya. Bila njia ya zamani ilikuwa haiwezi kupiga wala kupigiwa. Wateja wangapi walikuja kwake kwa tatizo hilihili, akawacheka. Hakugundua kwa sababu watu wote aliokuwa akizungumza nao walimpata kwa Wasapu. Duniani alibaki mtu mmoja tu anayempigia simu ya kawaida.

Akaingia kwenye menyu, akairudisha. Kijiti kimoja kikapotea, vikabaki vitatu, na palepale simu ikatikisika mkononi. Ujumbe kutoka kampuni: namba hii ilikutafuta mara kumi na saba. Namba ya mama. Bipu ni moja kwa siku, ilikuwa moja kwa siku kwa miaka saba, na hizi zilikuwa kumi na saba.

Akaufukua ujumbe wa Rashidi chini ya makelele ya kundi, akaubonyeza. Sekunde ya kwanza ilikuwa pumzi. Halafu sauti ya mama, juu kidogo kuliko kawaida, kama ya mtu anayezungumza na aliye ng'ambo ya bonde: "Kassimu. Ni mimi. Kama upo, bipu."

Mzee Rashidi alitazama pembeni. Alen, aliyekuwa akijikwangua tope, aliacha kujikwangua.

Kassimu akapiga namba ya mama. Haipatikani. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa simu ya mwalimu, kitochi kimeisha chaji kwa bipu zile kumi na saba. Na mama yuko Lushoto, stendi, na goti lake, mbele ya mlango uliofungwa, mjini ambako alishuka mara mbili tu tangu mwanawe ahamie. Kassimu akafikiri ampigie nani. Aliyapita majina yote ya kwenye simu. Mtu aliyekuwa akitazamana na mlango ule alikuwa mmoja.

Iliita mara mbili tu.

"Nakusikia," alisema Khalfani, kana kwamba waliachana jana.

"Kaka, shikamoo. Mama yangu..."

"Yuko hapa kwangu. Alikuta umefunga, akasimama pale mlangoni kwako muda, nikamfuata. Kapata chai. Maandazi kakataa. Kitochi nimekichomeka."

"Nakuja."

"Njoo." Kisha Khalfani akasita. "Unanipigia kwa mtandao gani?"

Kassimu aliwapa mgongo Rashidi na Alen. "Wa zamani."

Alisubiri kicheko, alijua anastahili kicheko. "Haya," Khalfani akasema. "Endesheni taratibu, barabara mbaya."

Alipopanda pikipiki mzee Rashidi alishika usukani kuwazuia. "Kassimu, siku ile nilikuuliza swali, ukanipeleka makumbusho. Nakuuliza tena. Tarehe thelathini wakizima, hivi vitochi vyetu vitashika wapi?"

Alikuwa na jibu la kitaalamu. Alikuwa nayo hata mawili. Akamtazama Rashidi, akatazama nyumba za Kwemhina zilivyosambaa kwenye mteremko, kila mlango na kikombe chake au msumari wake wa kutundikia simu, akayameza yote mawili.

"Havitashika popote, mzee wangu. Nilijua siku ileile. Ijumaa baada ya swala nitakuja kusema mbele ya watu."

"Njoo," alisema Rashidi, akaachia usukani.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Alen sasa alikaza bila kuambiwa, na Kassimu ndiye aliyekuwa akiomba ateremke taratibu, kisha dakika hiyohiyo anaomba akaze. Alipanga maneno ya kumwambia mama. Kila aliyoyapanga yalikuwa na neno mtandao ndani yake, akayaacha.

Mama alikuwa kwenye benchi la Khalfani, mtandio umefungwa vizuri, mkoba mapajani, goti amelinyoosha juu ya katoni aliyowekewa. Alikuwa anatazama mlango wa fremu ya mwanawe, wenye karatasi aliyoibandika mwenyewe kwa herufi kubwa: HAPA NI MTANDAO MPYA TU. VITOCHI HATUPOKEI. Kassimu alisimama mbele yake, tope kutoka kiunoni mpaka viatuni.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama toka kichwani mpaka miguuni, kwa utulivu. Marahaba haikuja. Alizoea kuipata kabla hajaomba, na sasa ilibidi aisubiri, barabarani, watu wakipita.

"Nilikuona," mama alisema. "Kule chini ya Lukozi, kwenye kona. Nilikaa dirishani. Nikamwambia kondakta simamisha, yule mwanangu. Akasema bibi, yule ni abiria wa bodaboda, wako wengi."

"Mama, kumbe ulikuwa kwenye lile gari."

"Siku tatu nilikuwa na hofu. Nilikuona maiti kila nikifumba macho. Nilipokuona pale mzima, una nguvu za kutukana, nikasema alhamdulillah. Halafu ndipo nikaumia." Alikunja ncha ya mtandio. "Nikasema, basi kabadili namba. Kabadili namba, hakuniona wa kuambiwa."

Khalfani alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Kassimu alichuchumaa. "Sikubadili namba. Simu yangu niliifunga ishike mtandao mpya peke yake. Yako ni ya zamani. Ikawa haikusikii."

"Nani aliifunga?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Alifikiria mwalimu Yusta, na video, na kasi. "Nilikuwa namringia mtu."

Mama aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayepokea bei asiyoipenda lakini ya kweli. "Siku ile ya mkutano mimi nilielewa," alisema. "Rashidi alipouliza nikaelewa kitochi changu kinakwenda kufa. Nilinyoosha mkono kwa sababu aliyekuwa anasema ni wewe. Nikasema, akishaupata mnara wake atatulia, atapata muda wa kupanda kuniona."

Kassimu alilia, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, mbele ya stendi, na hakujificha. Mama alimwacha alie kiasi, kisha akamwambia ainuke, watu wanataka kupita.

Gari la mwisho la Mlalo lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo mama alilala kwake, kitandani, na Kassimu kwenye mkeka upande wa pili wa pazia. Kabla ya kulala alimpa lile kasha. Mama akaifungua simu, akaisifu ilivyo nyepesi, akauliza swali moja tu: "Hii inabipu?" Kassimu akasema inabipu, ila kwanza itabidi aje akae naye Kwemhina siku mbili tatu amfundishe. Mama akasema siku mbili tatu si mbaya. Akaiweka kwenye mkoba, lakini mkononi alilala na kitochi.

Alfajiri Kassimu aliamka kabla ya adhana bila kuamshwa na mtu. Jogoo alikuwa bado. Nyuma ya pazia kulikuwa kimya. Akaichukua simu sakafuni, akaitafuta namba. Akabonyeza. Nyuma ya pazia kitochi kikaita mara moja. Akakata.

Kitanda kikalia. Alisubiri simu yake iite. Haikuita, akaitazama, akahesabu vijiti, wasiwasi ukaanza kumpanda upya.

"Marahaba," mama alisema kwa mdomo, kutoka nyuma ya pazia. "Kumbe unaweza kuanza."